Kuvu ya Toktosun

Jumatatu, 12 Januari
Kuvu imerudi. Nyeusi tii, dari yote ya bafu. Na Jumapili wakwe wanakuja kumvisha binti yetu Begimai hereni za uchumba! Mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Burul, ni mwanamke wa kufungua makabati ya watu. Akiiona dari hii, uchumba kwisha. Mkosaji namjua: Toktosun wa ghorofa ya juu. Bomba lake linavuja. Nimepanda kwake. Akaniambia nivue viatu, niipapase mwenyewe sakafu ya bafu lake. Nikapapasa. Kavu! Ameikausha makusudi, mnafiki yule.

Jumanne, 13 Januari
Mke wangu Aisulu anasema bafu halipumui, nifungue kile kidirisha cha kati ya bafu na jikoni. Januari! Upepo ulimpinda shingo mjomba, akazikwa akitazama pembeni. Nimekiziba kwa gazeti na sabuni, kama madirisha mengine yote. Kisha nikafungulia maji ya moto saa nzima, joto likaushe kuta. Kuta zinatiririka. Toktosun tena!

Alhamisi, 15 Januari
Msimamizi wa jengo, Bi Zoya, kaja na kikaratasi. Kakiweka kwenye tundu la hewa la bafuni, lile linalopanda hadi paani. Tundu likivuta, anasema, kinanata. Kikaanguka. "Baba Begimai, humu ndani umeweka nini?" Nikamwambia akaulize ghorofa ya juu. Alipoondoka nikapaka dari rangi ya mafuta, mara mbili. Inang'aa! Sasa waje.

Jumapili, 18 Januari
Aibu! Bi Burul aliingia bafuni kunawa mikono. Bamba la rangi likamwangukia kwenye kilemba chake cheupe, pamoja na kuvu yake. Aliomba mti wetu mrefu wa kusukumia unga wa tambi. Akachokora tundu la hewa mbele ya wakwe wote, likatoka koti langu la pamba, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili. Ndiyo, nililisokomeza mimi, mwezi wa kumi. Toktosun anakaanga mafuta ya kondoo kila siku na harufu yote inatushukia kwa tundu hilo! Nani angevumilia? Begimai alikuwa analia. Bi Burul akamfuta machozi, akamvisha hereni, akasema mtoto hana kosa. Kisha akanigeukia: "Ila wewe, mkwe, nitapita kabla ya harusi. Nikikuta koti humu, hereni nazivua." Wakwe wakacheka. Nimekasirika mpaka nikasusa nyama.

Jumatano, 28 Januari
Siku kumi. Bafu kavu, dari safi. Kwa hiyo Toktosun amelitengeneza bomba lake kimyakimya, kwa kuniogopa! Nilisema mimi! Basi koti lina kosa gani? Na leo, shetani yule, anakaanga tena tangu asubuhi. Nimelirudisha mahali pake. Safari hii nimelisukuma ndani zaidi, mti wa Bi Burul usilifikie.