Nimepungukiwa Sentimita Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa zahanati: jeshi linatafuta wa kusomea urubani, wanawake nao waje. Umri ninao. Fizikia nilifaulu. Uzito sawa, kunyonyesha kumenikausha. Kimo: kisipungue sentimita 160. Nimejipima kwenye fremu ya mlango, pale tunapompimia mtoto. 158. Tangu darasa la tatu ndege haijapita nisisimame kuitazama, leo nizuiwe na upana wa kidole gumba? Wifi yangu tunayeishi naye, mrefu kama mlingoti, akauliza kama rubani anaruhusiwa kwenda na stuli yake. Nikaendelea kujipima. Mdharau mwiba.

Jumanne, 4 Machi
Ugunduzi. Mtu huamka mrefu kuliko alivyolala. Alfajiri: 160 kamili. Mchana, baada ya kufua na mtoto mgongoni: 158. Kumbe urefu ninao, ila naibiwa. Mwizi ana miezi minane, kilo tisa na jino moja. Nikamweleza kwa upole, bila kucheka, kwamba hadi nipimwe mgongo wa mama umefungwa. Akanionyesha hilo jino.

Jumatano, 5 Machi
Nimening'inia juu ya mlango, nijivute. Mtoto akatambaa, akanishika miguu. Vizuri, uzito wa bure. Bawaba zikang'oka. Jioni mume wangu akauliza nani kaangusha mlango. Upepo, nikasema. Akaniangalia ninavyochechemea, akauliza kama upepo umeshakandwa maji ya moto.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya kupimwa. Mume wangu husambaza magodoro kwa mkokoteni. Nikamwomba anisukume nikiwa chali juu ya godoro, nisipungue hata uzi. Wifi nyuma na mtoto. Jirani akadhani nimezidiwa, akatusindikiza akilia hadi langoni mwa kambi.

Kwenye foleni nikalala sakafuni. Askari mwenye rula akauliza naumwa nini. Nikamwambia, afande, natunza kimo.

Wamebaki wawili mbele yangu, mtoto akaanza. Si kilio cha deko. Kile cha usingizi, kinachotaka mgongo wa mama na si wa mwingine. Wifi akasema nimwache, ni dakika tano tu, nafasi hii nitaipata wapi tena? Nikaamua kuhesabu hadi kumi. Nikafika nne. Nikambeba, nikamrusharusha. Yeye akalala, mimi nikafupika.

158. Nikamwomba afande ajumlishe na wa mgongoni. Akasema wa mgongoni aje baada ya miaka kumi na minane.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi hanicheki tena. Hilo ndilo linaloniudhi. Amefua nguo zote, ananiita rubani bila kejeli.

Nimempima mtoto. Ameongezeka sentimita mbili. Basi nimejua zilikokwenda.

Watapima tena mwakani. Kosa langu lilikuwa kuning'inia siku moja tu. Mume wangu anarudishia mlango. Nimemwambia aweke bawaba nne, maana mwaka huu upepo utakuwa mwingi.