Malalamiko Kuhusu Uso Wangu Uliotabiriwa

Zagrič, Septemba 19

Kwa Daktari Hribernik, Mkuu wa Kliniki ya Kupe,

Salamu nyingi na heshima tele. Mimi ni Vencelj Mrak, tarishi mstaafu wa posta, mwokota uyoga kwa miaka arobaini na sita. Ni yule uliyemkuta mwezi uliopita na duara jekundu nyuma ya sikio la kushoto, alipoumwa na kupe. Nalalamikia utabiri wenu, na naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote.

1. Uliniuliza kupe alinipatia wapi. Daktari, katika bonde hili mtu atakuonyesha hata wosia wake, lakini si mahali anapookota jurček, mfalme wa uyoga. Marehemu baba alikata roho bila kunitajia pake, nami nilizidi kumheshimu. Nikakujibu, "Bustanini." Ukacheka: "Mzee Vencelj, kupe huyo alifuata kabichi?" Nilidhalilika sana.

2. Ukaiambia kompyuta habari za duara, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, na tarehe niliyokutajia (ambayo, kwa sababu za kiusalama, ilikuwa ya uongo). Ikatoa sabini na nane kwa mia: vijidudu vya Lyme, ugonjwa uletwao na kupe, vitaingia kwenye neva, na ndani ya wiki tatu upande mmoja wa uso wangu utalegea. Mashine isiyonijua! Hata mke wangu Tončka hawezi kutabiri nitarudi saa ngapi.

3. Vidonge vya wiki tatu, na karatasi yake inakataza jua. Septemba hii, msimu wenyewe! Nimevifungia kabatini, vipo salama kabisa.

4. Tangu hapo nyumba yangu haina amani. Vikombe vyetu vyote vimeanza kuvuja, tena upande wa kushoto tu. Tončka anasema, "Vikombe ni vizima, wewe mzee, jitazame kwenye kioo! Mficha maradhi, kilio humfichua." Nikamjibu kwamba sifichi maradhi, naficha uyoga. Naye mjane Marjeta amenishtaki kwa padri kuwa namkonyeza kanisani, misa nzima. Mimi namtazama padri tu.

5. Basi, kama mashine iliweza kuona uso wangu wa wiki tatu mbele, iseme pia jurček zitachomoza wapi Jumamosi. Ikishindwa, izimwe, na mniandikie cheti chenye muhuri kwamba neva zangu ni nzima. Nitakibandika mlangoni pa kanisa, Marjeta akisome.

Wasalimie wauguzi, mama yako, na yule bibi wa maabara anayechoma sindano kwa huruma.

Wako mwenye kinyongo cha adabu,
Vencelj Mrak

Nyongeza: Daktari, Tončka ameniwekea kioo mezani bila kuniuliza. Jicho la kushoto halifumbiki, la kulia linapepesa peke yake. Nimeliamuru mara tatu. Naogopa, na sioni aibu kusema. Barua hii anakuletea yeye, mimi nipo nje kwenye gari, na kidonge cha kwanza nimekwisha kukimeza. Iambie mashine: tarehe saba Agosti, nyuma ya kiwanda cha zamani cha mbao, fuata kijito mpaka mwaloni uliopasuliwa na radi, kisha hatua kumi na mbili kushoto. Itabiri tena, kama uso utarudi. Ila usiisome kwa sauti. Karani wenu wa mapokezi ni Jernej, na Jernej ana kikapu.