Kuachana kwa Rangi ya Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Nimeachana na Msusi. Safari hii moja kwa moja. Naandika kwa wino, siyo kwa penseli kama mara zile nyingine.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo. Nilipita saluni kwake kumwonyesha mchoro wa bango la duka la dawa, kazi safi kabisa. Yeye, huku anasuka kichwa cha mteja, akaniuliza ni lini nitakwenda kujitambulisha kwa baba yake mdogo. Mbele ya mteja! Nikasema mgongo wangu hauko sawa. Akasema mgongo huo unauma miaka yote hii, na huuma siku za baba mdogo tu. Mteja akacheka. Nikasema basi, yameisha. Akasema sawa, na nikitoka nifunge mlango, vumbi linaingia. Nikaufunga kwa nguvu. Kitasa kikabaki mkononi. Ikabidi nirudi kukirudisha, jambo lililopunguza kidogo uzito wa tukio.

Nimemweleza Dada wakati anachambua mchele. Ni dada yangu mkubwa. Nakaa kwake kwa muda tu, mwaka wa sita sasa. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza kama Jumapili Msusi atakuja kula saa ileile au atachelewa. Hivyo ndivyo ninavyochukuliwa nyumbani!

Nimekaa nikatafakari. Kwa nini kila tukiachana tunarudiana? Jibu nimelipata: tunaachana kimyakimya. Hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna wa kumwonea haya tukirudiana. Mtaa mzima ungejua, ningeona aibu kurudi. Basi mtaa mzima utajua. Mwingine angehangaika namna ya kuwaambia. Mimi ni mchora mabango.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imekamilika! Ukuta wa karakana yangu unatazamana na mlango wa saluni, katikati ni barabara tu. Atausoma kila akifungua.

Swali la kwanza lilikuwa rangi. Rangi ya maji ni ya watu wenye wasiwasi. Nimetumia ya mafuta, nyekundu, ile ninayowaambia wateja kwamba watachakaa wao kabla yake. Nimepiga mistari kwa uzi wa chaki, nimepima herufi, nimetia kivuli upande wa kulia. Maneno ya mwanzo yalikuwa marefu mno, yakieleza nani alianza na nani alicheka. Nimeyapunguza: MIMI NA MSUSI TUMEACHANA. MOJA KWA MOJA. HAKUNA KURUDIANA.

Chini ikabaki nafasi. Siwezi kuacha nafasi wazi, ni uchafu. Nikaijaza, nikasawazisha kingo, nikarudi nyuma kutazama. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Sikitiko langu ni kwamba haina mteja wa kuisifu.

Msusi alitoka na taulo begani. Alisoma yote, mikono kifuani, bila haraka. Nikakaa tayari kupokea matusi. Akasema kivuli kimekaa vizuri, ila A ya katikati kwenye TUMEACHANA ni ndogo kuliko nyingine. Kisha akarudi ndani kwa mteja wake.

Nimepima. Ni ndogo kweli. Imeniudhi kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo linafanya kazi. Watu wanasimama, wanasoma, wanatikisa vichwa. Mama muuza mkaa kanipa pole, ingawa alisema alidhani tuliachana zamani.

Lakini kuna jambo silielewi. Tangu jana saluni ina wanaume. Ni saluni ya kusuka! Wa kwanza alikuwa muuza viatu, ambaye ana upara tangu nimfahamu. Alikaa humo mpaka nikakata tamaa ya kumngojea atoke. Akafuata dereva wa lori la mchanga, amevaa shati la pasi siku ya kazi. Mchana akaja Fundi Vioo.

Fundi Vioo ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ana masharubu ya kuchongwa, na kwa kuwa anashinda kati ya vioo, anajua alivyo. Alisimama mbele ya tangazo, akalisoma kwa sauti, akanishukuru kwa taarifa. Kisha akavuka barabara na tepu ya kupimia. Kumbe kioo kikubwa cha saluni kina ufa, na yeye ana moyo wa kusaidia! Ufa huo upo tangu tulipoachana mwaka juzi. Moyo huo ndiyo kwanza nauona.

Jioni Dada kapita akitoka sokoni. Akasoma mpaka mwisho, akaweka kikapu chini, akaniuliza kama Msusi namwacha au namuuza. Nikamwambia asinivunjie heshima kazini kwangu. Akaninyooshea kidole mstari wa mwisho.

Nikatoka kutazama. Mabango yote niliyochora maishani yanaishia vilevile, na mkono umeshazoea, hauniulizi tena. Chini kabisa, kwa herufi za manjano zenye kivuli, imeandikwa KARIBUNI NYOTE. Na mshale. Mshale unaelekea saluni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka mapema kufuta. Rangi ya mafuta ilikuwa imeniishia, nikapaka chokaa. Chokaa haishiki juu ya mafuta. Najua. Nawaambia watu hivyo kila siku. Lakini nilikuwa na haraka, na nilidhani kwangu mimi ingekubali.

Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe, mzuri, hauna la kusema. Jua lilipopanda chokaa ikaanza kubanduka vipande vipande. Haikubanduka kote. Ilianza chini. Kufikia alasiri ukuta mzima ulikuwa mweupe isipokuwa KARIBUNI NYOTE, pamoja na mshale.

Fundi Vioo alikuja kuuliza, kwa adabu sana, kama kufuta huku maana yake tumerudiana. Alitaka kujua kabla hajakata kioo. Nikasema hatujarudiana wala hatutarudiana, tena nikapaza sauti ili ng'ambo wasikie. Ng'ambo wakasikia. Nilimwona Msusi amesimama mlangoni, chanuo mkononi, halafu akaingia ndani. Fundi Vioo naye akaenda kukata kioo, anapiga mluzi.

Kuna mjinga katika jambo hili. Bado nachunguza ni nani.

Jumapili, 9 Machi

Msusi kaja kula! Dada ndiye aliyemwalika. Nilipolalamika, alisema yeye hajaachana na mtu, nyumba ni yake na sufuria ni zake. Nimekula barazani, sahani magotini, kwa msimamo. Ndani walikuwa wanacheka. Mara mbili nilisikia wakitaja mshale.

Akiondoka, Msusi alisimama mbele yangu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema Jumatano alasiri atakuwa kwa baba yake mdogo. Kama nina la kusema, niende nikaliseme huko. Kama sina, nisiende, na yeye hataniuliza tena. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayempangia mteja siku ya kuja kufumua.

Nikamwambia mbona tumeshaachana, imeandikwa ukutani. Akasema ameisoma. Akavaa viatu akaenda zake.

Nilibaki barazani na sahani yangu. Kwa kuwa hapa hakuna anayesoma, naandika ukweli: nampenda huyu mwanamke. Nikimkosa sijui Jumapili nitazifanyia nini. Ndiyo maana ni lazima nimwache vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Nimekata shauri kwenda! Suruali nimeipiga pasi. Mgongo nimeukagua, hauna neno. Nitafika, nitasalimia, nitajieleza. Kisha nikiona vema kumwoa, nitasema. Nikiona vema kumwacha, nitamwacha mbele ya mzee, kwa heshima zote. Mambo yote mawili yako mkononi mwangu.

Halafu jioni, habari mbaya. Fundi Vioo kapita na shati jipya kwenye mfuko, akasema kesho alasiri ana mahali pa kwenda. Kesho alasiri! Nikamwuliza wapi. Akazungusha masharubu, akasema kwa wakubwa. Baba mdogo ni mkubwa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Lazima azuiwe. Nikawaza haraka, na nimejishangaa mwenyewe kwa akili niliyonayo. Nikamwambia ni aibu fundi mzima kama yeye hana bango, na nipo tayari kumchorea bure. Bango lenye picha ya uso wake. Na masharubu yote. Ila iwe kesho alasiri, na akae mbele yangu muda wote, maana masharubu kama yale hayachoreki kwa kukumbuka. Macho yakamng'aa. Akasema wakubwa watangoja.

Amekwisha!

Jumatano, 12 Machi

Mpango umekwenda kama nilivyoupanga. Fundi Vioo alikaa kwenye kiti changu tangu baada ya chakula cha mchana. Kila akitaka kunyanyuka nilimwambia ndiyo nafika sharubu la kushoto. Nimechora polepole kuliko nilivyowahi kuchora. Pua niliifuta nikaianza upya. Alipotazama saa, nikamwongezea kivuli kidevuni. Jua likazama, na hakuwa amekwenda popote!

Nikamwuliza, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kama wakubwa hawatamkasirikia. Akasema ni wazazi wa mke wake tu, watamwelewa. Nikauliza mke gani. Akanishangaa. Mke wake, wa siku zote, anayesukwa na Msusi na ndiye aliyemtuma akabadilishe kile kioo. Nikamwuliza kwa nini basi alitaka kujua kama tumerudiana. Akasema ufa wa kwanza uliletwa na mlango nilioubamiza mimi. Asingependa kioo kipya kipate shida hiyohiyo.

Nikajitazama. Nimevaa ile suruali ya pasi tangu asubuhi, nimejiandaa, na sikukumbuka kwenda. Nimekuwa nikimlinda mtu asiende mahali ambapo hakuwa anakwenda, na mahali penyewe nilikuwa nangojwa mimi.

Kwa baba mdogo si mbali. Ningeweza hata kukimbia. Lakini suruali ilikuwa imejaa rangi nyeusi ya masharubu, na mtu haendi kujitambulisha hivyo. Nikakalia kopo la rangi. Fundi Vioo akaniomba nimrekebishie sikio.

Alhamisi, 13 Machi

Msusi kaja karakana kabla hajafungua saluni. Nikamweleza yote, kuanzia shati jipya mpaka pua. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama picha ya Fundi Vioo iliyokuwa inakauka, akasema nimempatia.

Kisha akasema walingoja. Baba mdogo alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili yangu. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwishowe alimwambia mzee kwamba hakuna mtu anayekuja. Alipolitamka tu, akaona ni kweli, na tangu hapo amejisikia mwepesi. Hakulia. Hakunigombeza. Alinirudishia ufunguo wa karakana, akaomba wa saluni, nikampa. Akanitakia heri. Akanipa mkono! Mtu tuliyekula naye sahani moja, ananipa mkono kama mkaguzi wa majengo!

Alipovuka barabara nikaanza kutafuta. Kila tukiachana huwa anasahau kitu, kitana au kilemba au bakuli, kitu cha kumrudisha. Nimeinua makopo yote. Nimetazama nyuma ya mlango na chini ya meza ya kukatia. Hakusahau kitu chochote.

Jumapili, 16 Machi

Dada kapika chakula cha watu wawili. Ametumia ile sufuria ndogo. Tulikula ndani, kwenye meza. Hakuna aliyecheka.

Mtaani ndiko kuna balaa. Watu hawasemi tumeachana. Wanasema ameniacha! Mama muuza mkaa kanipa pole tena, na safari hii alikuwa anamaanisha. Muuza viatu kanipigapiga begani. Mimi niliyeanza! Mimi niliyetangaza! Nimemwambia Dada kwamba hili halikubaliki, mtu hawezi kuachwa ndani ya kuachana kwake mwenyewe. Dada akasema anatumaini sasa nimejifunza jambo. Nikamwambia nimejifunza: nilikwenda kwa papara.

Nimekaa nikatafakari upya. Siwezi kumwacha mtu ambaye hayuko nami, hilo mtoto mdogo analiona. Kwa hiyo lazima kwanza turudiane. Kesho nakwenda kwa baba mdogo, peke yangu, na suruali ya kuazima. Nitajitambulisha. Nitamwomba radhi yeye na Msusi na kila atakayekuwepo. Watanifukuza, nitarudi tena. Ikibidi kumwoa, nitamwoa. Nitakaa naye hata tuzeeke pamoja, asishuku chochote.

Halafu ndipo nitamwacha, na mtaa mzima utajua ni mimi.