Meno Yangu Kwenye Beseni la Nasari

Leo asubuhi meno yangu yameingia kwenye beseni la nasari hapa Kimumu, watoto wote wakitazama. Si jino moja. Ni safu yote ya juu, kwa pamoja, kama familia inayohama.

Ngojeni nirudi nyuma ndio mjue wa kulaumiwa. Wako watatu na nitawataja.

Mjukuu wangu Faith yuko kwa Mwalimu Jeptoo. Ana miaka minne na meno ya mbele yameshakuwa kahawia, yanatoboka. Akinywa kitu baridi analia. Aliyeyaharibu ni Mama Sharon wa kibanda cha getini, anayewauzia watoto peremende kabla hata hawajaingia darasani. Nimemwambia. Amenijibu kwamba yeye halazimishi mtu kufungua mdomo.

Mwalimu Jeptoo naye ameleta mambo ya mswaki. Watoto wakimaliza uji wanapanga foleni kwa beseni, wanaimba wakisugua. Ni vizuri, sikatai. Shida ni kwamba kila Ijumaa mzazi mmoja anaitwa kusugua nao, ili waone hata wakubwa wanapiga mswaki. Na Faith alikuwa amekataa kabisa. Nyumbani anafunga mdomo, shuleni anajificha chooni. Juzi akalegea. Akasema atapiga, lakini mpaka Kukhu apige kwanza.

Kukhu, yaani nyanya, ni mimi.

Sasa kuna kitu Faith hakujua. Meno yangu ya juu yaliisha kitambo, moja moja, maana sisi hatukuwa na mwalimu wa beseni. Jino likiuma unang'olewa, unarudi shamba. Haya ya sasa alinitengenezea Fundi Sammy wa Yamumbi, akaapa nitazikwa nayo. Yanacheza kama kiatu cha kuazima. Lakini ni meupe, na kanisani watu huyasifu. (Nami hushukuru, bila aibu.)

Kwa hivyo leo niliyabandika na chingamu. Ndiyo, chingamu. Niliinunua kwa Mama Sharon.

Nikafika na baridi ile ya asubuhi, nikakuta Mwalimu amechemsha maji kwa huruma yake.

"Shika haya ya moto, Mama, usigande."

Nikayatia mdomoni. Chingamu ikalainika. Nikaisikia ikiachilia pole pole, nikabana mdomo, nikasugua kwa ncha ya mswaki huku nikitabasamu kwa macho peke yake. Faith alikuwa mbele yangu, mswaki mkononi, ananifuata. Alikuwa ameufikisha kwenye midomo, jamani. Kwenye midomo.

Mwalimu akasema, "Sasa Mama atawaonyesha vile tunatema."

Nikatema.

Yalizama moja kwa moja, yakatulia chini yakinitazama. Wimbo ukakatika. Halafu katoto kamoja kakatia vidole mdomoni, kakavuta, kakavuta tena.

"Mwalimu, zangu hazitoki."

Wakaanza kuvuta wote. Wengine wakalia. Mwalimu Jeptoo alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitetemeka. (Hakuwa anaomba.)

Ni Faith aliyetia mkono kwenye beseni. Akayatoa, akayageuza huku na huku, akanipa.

"Kukhu, hizi huwa zinauma?"

Nikamwambia hayaumi. Hapo ndipo nilijimaliza mwenyewe.

Akarudisha mswaki wake kwenye kikombe, ukiwa mkavu. Akasema hauhitaji tena. Atangoja zake zioze ziishe, halafu anunuliwe za kutoa, kama zangu.

Nimembembeleza mchana kutwa. Nimemwambia sijauma hindi la kuchoma miaka na miaka, huwa nalipukuchua kama nalisha kuku. Nimemwambia kila jino nililong'olewa nililia. Ananisikiliza, kisha anacheka, na akicheka naona yale meno ya kahawia. Jioni hii amekula peremende nyingine. Ati anaharakisha.

Kwa hivyo nyinyi wazazi wa hii group ya simu mnaocheka, pelekeni ujumbe. Sammy, nakuja Yamumbi, nayo mkononi. Mama Sharon, toa hicho kibanda getini. Na wewe Mwalimu Jeptoo, wa maji moto, Jumatatu nitamsimamisha Faith mbele ya hilo beseni, na ni wewe utamjibu kwa nini apige mswaki. Mimi jibu langu lilikuwa mdomoni, nawe uliliona likianguka.