Mzee Asizimwe Ijumaa kwa Vipimo vya Upendeleo

Mheshimiwa Shemeji, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Dada yako hajambo. Nakuandikia kiofisi kwa sababu nyumbani amenikataza kulitaja jambo hili mezani.

Ijumaa unakusudia kumzima Mzee, hifadhidata iliyotunza alama za wanafunzi wa chuo hiki kwa miaka kumi na mmoja, mikononi mwangu. Nafasi yake anapewa mpya, ambaye ofisi nzima inamwita Bibi Harusi. Sababu ni karatasi uliyobandika mlangoni: kwenye tovuti yetu Bibi Harusi anajibu maombi elfu nne kwa sekunde, Mzee mia tatu. Imeniuma sana, Shemeji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee alipimwa Jumatatu saa nne asubuhi, chuo kizima kikitafuta matokeo. Bibi Harusi alipimwa Jumapili, geti limefungwa.

2. Seva ya Mzee iko chini ya ngazi, na feni yake imeshikiliwa na rula yangu. Mwenzake kanunuliwa seva mpya, na kiyoyozi juu.

3. Mzee alibeba wanafunzi elfu tisini. Bibi Harusi alibeba mmoja, aitwaye Jaribio, na hata huyo hana alama.

4. Tena aliulizwa swali lile lile mara elfu nne. Hata mimi ukiniuliza jina langu hivyo, nitakutisha kwa kasi.

5. Kwa hiyo naomba mpimaji naye apimwe. Yule mtaalamu wenu aliyewapima, tunayemwita Sekunde, apande ngazi na mafaili ya miaka kumi na mmoja mgongoni, nami nipande mikono mitupu. Matokeo yabandikwe mlango ule ule.

Ukikataa, nitamwandikia Mkuu wa Chuo. Naye akikataa, nitamwandikia mama mkwe, na unamjua mama yako.

Wasalimie wote ofisini, hata Sekunde.

Wako mtiifu kazini na mkaidi ukweni,
Mtunza Hifadhidata

NB: Ili haki itendeke, jana nilimtua Mzee mzigo wote: nikawafuta wanafunzi, nikamwachia mmoja. Akajibu elfu tano! Nilipotaka kumrudishia wengine, nikakumbuka kuwa nakala ya akiba ndiyo ile ninayokuahidi kila mwaka bila kuitengeneza. Sekunde anasema alishawanakili wote kwa Bibi Harusi juzi, naye akiwa nao wote bado anajibu elfu tatu. Tafadhali, Shemeji, Bibi Harusi asiguswe na mtu yeyote, hasa mimi.