Mama Atausikia Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Siku nne zimebaki. Ijumaa wimbo wangu "Mlango Uko Wazi" unaingia kwenye mtandao wa muziki. Ni wa saba huu. Ule wa sita ulisikilizwa mara thelathini na nane, na ishirini kati ya hizo ni mimi mwenyewe. Lakini safari hii nina siri: sauti ya Mama! Nilimrekodi kwa kuibia akichambua mchele, akiimba kwa pua ule wimbo aliotubembelezea utotoni. Hakujua. Nikamweka kwenye kiitikio. Mwili unasisimka.

Jioni nimepita kwa dada, anakokaa Mama tangu moyo uanze kumsumbua. Nikamfichulia Mama siri. Alicheka mpaka akakohoa, akataka ausikie papo hapo. Nikakataa. Nimesoma makala ya mtaalamu: mtandao unaangalia siku ya kwanza. Watu wakija kwa kishindo, unakupeleka kwa wageni. Wakija kwa kudonoadonoa, umekwisha. Sasa Mama akiusikia leo kwenye simu yangu, hiyo haihesabiki, na Ijumaa atausikiliza mara moja badala ya mara kumi. Hasara tupu. Nikamwonyesha kitufe cha kuuhifadhi kabla haujatoka, akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa heshima zote. Nikamkumbusha kwamba subira huvuta heri. Akasema subira anaijua, maana yeye ndiye aliyenilea.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye anatoa wimbo Ijumaa. Ijumaa yangu! Ana wafuasi elfu nne, na si ajabu. Mteja ana wembe shingoni, ataambiwa bonyeza hapa, atakataaje? Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Nazungumza na kola za watu.

Nimepata wazo. Nimechapisha vikaratasi sitini vyenye jina la wimbo na kile kimraba cha kuskani kwa simu. Kila shati, kikaratasi kimoja mfukoni. Mwenye shati akiingiza mkono, ananikuta namsubiri. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Machi

Vikaratasi vingine nilivitia kabla ya pasi. Pasi ya mvuke! Saa tatu haijafika, wakili yuko mbele ya bosi, shati lake jeupe limetandazwa mezani, kimraba kimejichora kifuani vizuri kuliko kilivyokuwa kwenye karatasi. Nilitoa simu nikakiskani. Kinafanya kazi! Nilidhani habari hiyo ingempoza wakili. Haikumpoza. Bosi ni mama mpole, hapazi sauti. Alinikabidhi dawa ya madoa na mashati kumi na tisa, akasema tutaongea yakishakuwa meupe.

Nimemwandikia pia jamaa mmoja anayepanga zile orodha za nyimbo zinazosikilizwa na maelfu. Akajibu kwamba yeye hupanga nyimbo za watu wa mazoezi, wanaonyanyua vyuma. Nikamweleza kuwa wimbo wangu unawafaa wale wanaopumzika katikati. Kimya mpaka sasa.

Mchana dada alipiga simu, nina povu hadi viwiko. Mama hakulala vizuri, pumzi zinamkatika. Ameuliza kama anaweza kusikia hata kipande tu. Nikamweleza dada habari ya siku ya kwanza, kwa kirefu, pamoja na ya kinyozi. Akakata simu. Nadhani ameelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Mama amelazwa. Kitanda cha dirishani, mrija wa oksijeni puani, miguu imevimba. Nilikaa ukingoni nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi mno. Niliogopa, nakiri. Akauliza kama ni kesho kweli. Nikamwambia ni kesho, nikishaoga tu niko hapa na spika yangu ndogo. Simu ilikuwa mfukoni. Wimbo ulikuwa ndani ya simu. Dakika tatu na sekunde arobaini.

Akasema hana neno, nimekuwa mbishi tangu tumboni, nilipitisha siku zangu kwa wiki mbili nzima na wakunga wakakata tamaa. Kisha akaanza kuuimba mwenyewe, kwa pua, taratibu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Nesi aliyekuwa akipita na sinia la dawa akasimama. Nikamwomba Mama apunguze, wodi nzima itauzoea kabla haujatoka.

Akanyamaza. Akanipapasa shavu, akaniambia nikale, nimekonda.

Ijumaa, 7 Machi

Wimbo ulitoka saa sita usiku.

Mama amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Saa tano nzima katikati. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kitanda. Dada alikuwa amesinzia kitini. Mimi nilikuwa nyumbani, nimetega kengele ya saa kumi na mbili.

Nilifika na spika.

Waliosikiliza: kumi na mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Tumemzika jana. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Bosi alininyooshea shati kwa mkono wake mwenyewe na wala hakutaja mashati kumi na tisa. Kinyozi alifunga duka, akaja kututengeneza nywele wanaume wote wa familia, akabeba maturubai, akaosha vyombo. Wimbo wake hakuutaja hata mara moja.

Leo nimefungua simu. Umesikilizwa mara mia tatu na kumi na mbili! Nikadhani ni vile vikaratasi. Kumbe kinyozi aliahirisha wimbo wake, na Ijumaa kutwa akaucheza wa kwangu dukani. Wakili ameniambia, alikuwa kitini, akauliza huyo mama anayeimba ni nani, kinyozi akamjibu kuwa ni jirani yetu, amefariki leo.

Nimelitafakari sana jambo hili. Anataka kuniibia mashabiki kwa njia ya huruma. Mjanja huyu!

Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikapaliwa. Aliyeniletea maji ni yeye.

Jumatano, 12 Machi

Dada amenipa simu ya Mama. Wimbo wangu uko humo, umehifadhiwa, haujachezwa. Halafu nikaona rekodi ya sauti. Ya Jumatano iliyopita, dakika sita. Nikaifungua.

Ni Mama. Pumzi fupifupi. Anasema siku ile ya mchele aliniona vizuri tu nimejificha na simu nyuma ya pazia, miguu iko nje. Anasema kipande nilichoiba ni kiitikio, wimbo wenyewe ni mrefu, na mimi nilikuwa nasinzia kabla haujafika mbali. Kwa hiyo sasa atauimba wote, tangu mwanzo, nisije nikaupoteza.

Akavuta pumzi aanze. Nikazima.

Ukweli ni kwamba naogopa uishe. Ukiisha, Mama hatakuwa na jipya la kuniambia. Basi nikatafuta la kufanya, na nikalipata! "Mlango Uko Wazi, Sehemu ya Pili." Mama peke yake, bila ala. Nimeupandisha mtandaoni vilevile, bila kuusikiliza, ili nami niwe msikilizaji wa siku ya kwanza. Ijumaa tarehe 28. Safari hii kinyozi hanipati.

Dada akaomba asikie. Aliomba mara mbili, ya pili akilia, akasema anataka sauti tu, hata dakika moja. Iliniuma sana. Lakini nikamweleza tena habari ya siku ya kwanza, taratibu, maana mara ile huenda hakunipata vizuri. Akaondoka bila kuaga. Uchungu huo, utampungua.

Mama mdogo ndiye mwenye busara katika ukoo huu. Anamfuata Mama kuzaliwa, ana miaka sabini na minne, na presha yake. Alitaka asikie sauti ya dada yake kabla ya kusafiri kesho. Nikamwambia subira huvuta heri, ni siku kumi na sita tu, nikamwonyesha kitufe. Amekibonyeza kwa kidole gumba, bila ubishi.

Alikohoa kidogo. Ni vumbi la hapa kwetu, halijamzoea.