Kuhusu Mimi Kulala Katika Habari za Saa Moja

Awadh Mbarak,
Muadhini na fundi wa kofia,
Mambrui.

Kwa Mhariri wa Habari,
Runinga ya Ufukoni,
Malindi.

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum, na kama hiyo si salamu yako, basi hujambo, u mzima, na wa nyumbani wazima? Mimi si mzima. Nimekaa mkekani tangu alasiri naitafuta adabu ya kuanzia barua hii, na sasa naona bora nianze tu, adabu itanikuta njiani.

Hunijui kwa jina lakini kwa sura wanijua, maana wewe ndiye unayenionyesha. Mimi ni yule mzee wa kofia nyeupe aliyefumba macho, mdomo wazi kidogo, anayetokea katika habari zenu za saa moja jioni kila mnapokosa picha ya kuonyesha. Juu pembeni mmeandika MAKTABA. Maktaba sijapata kuingia maishani mwangu.

Picha yenyewe ilipigwa miaka miwili iliyopita, ukumbini huko kwenu Malindi, siku tulipoitwa wananchi kutoa maoni juu ya mahali pa kujengwa choo cha soko. Tuliitwa saa tatu, wataalamu wakaja saa sita. Tukalishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka kwanza, kisha ndipo tukaanza kuhutubiwa, na aliyeupanga utaratibu huo wa wali mbele na hotuba nyuma ndiye wa kushtakiwa, si mimi. Mpiga picha wenu akapita na kamera yake akanipiga sekunde sita. Nimezihesabu mimi, amezihesabu mke wangu Shekha, na mtaa mzima umezihesabu.

Utasema, sekunde sita ni kitu gani? Bwana, mimi ni muadhini! Mwaka wa ishirini na mbili huu naamsha watu. Alfajiri nawaambia kwamba sala ni bora kuliko usingizi, na jioni wakiwasha runinga wananiona mimi mwenyewe nimeuchagua usingizi. Watoto wa chuo cha Kurani wananiuliza mimi huamshwa na nani.

Hilo ningelimeza. Yaliyonishinda kumeza ni ya binti yangu Sumeiya, ambaye ameposwa. Mposaji ni Fuad, mwana wa Bwana Harith mwenye duka la mabati na misumari hapo Malindi. Kijana mpole, anaitika akiitwa, na Sumeiya amemridhia. Sasa kwa desturi yetu posa ikishaletwa, watu huuliziana. Mtu hutumwa kimya kimya kwa majirani kutafuta habari: hawa ni watu wa namna gani, wana maradhi gani, wana ugomvi na nani. Zamani aliyetumwa alikuja mtaani, akanywa kahawa yetu, akaambiwa mema matupu, kwa sababu majirani ni watu waungwana. Bwana Harith hakutuma mtu. Ameketi kwenye kochi lake akaniulizia kwenu, na nyinyi mmemjibu kama ifuatavyo:

1. Mlitoa habari za uhaba wa walimu, mkanionyesha mimi. Mimi si mwalimu. Na hata ningekuwa mwalimu, si ningekuwa miongoni mwa waliopo, sio wanaokosekana?

2. Mlitoa habari za madhara ya ulevi, mkanionyesha mimi, ambaye hata dafu nalinusa kwanza. Jirani yangu Mwambire, muuza matikiti, mtu wa Jilore ambaye pombe ya mnazi kwake haina mwiko wala haifichi, alinijia asubuhi yake kunipa pole. Alinipa pole vizuri sana. Kisha akainamisha kichwa akaniuliza mgema wangu ni nani, kwa maana naonekana nimepata mzuri.

3. Mlitoa habari za maradhi ya moyo. Hapo hamkutosheka kunionyesha, mkanizungushia duara jekundu, na juu ya duara mkatia mshale. Mshale, bwana! Ukumbi una watu mia tatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimefumba macho peke yangu kwa kadiri ya picha yenu, sasa mshale ni wa nini? Nani angenikosa? Dada yangu aliye Lamu alipiga simu analia, hakuuliza kama niko hai, aliuliza mazishi ni saa ngapi. Nilipomwambia ni mimi mwenyewe ninayezungumza, akakasirika kwa kuwa alishakata tikiti ya basi.

4. Mkatoa habari kuwa watu sita katika kila kumi hawahudhurii mikutano ya kutoa maoni. Mkanikata kwa makasi yenu ya kompyuta, mkanipanga mara kumi kwa safu mbili, Awadh kumi wote wamelala, sita mmewapaka kijivu na wanne kijani. Lahaula! Picha hiyo mliipiga wapi? Si mkutanoni? Mimi ndiye niliyehudhuria! Nilitoka Mambrui na nauli yangu kwa ajili ya choo kisicho cha kwetu, na leo mimi ndiye mfano wa wasiohudhuria, mara sita. Shekha yeye aliniambia kijani kingenipendeza zaidi ya kijivu, nami sikuona kama hilo ndilo jambo la kujadiliwa.

5. Wiki iliyopita ndiyo mliyoniua. Daktari wenu alieleza kuwa usingizi wa mchana uliopita kiasi ni maradhi, na kwamba mengine katika hayo huenda katika damu. Mimi nikaletwa. Na chini ya kidevu changu mkaandika kwa herufi nyekundu zinazowaka na kuzimika: HURITHIWA.

Kesho yake mshenga wa Bwana Harith alifika. Hakukaa. Alisema posa isimame kidogo wapate kutazamatazama, na kama si vibaya, wangependa kujua Sumeiya mchana huwa yu vipi. Akufukuzaye hakwambii toka. Sumeiya yu vipi! Mtoto anayefundisha watoto arubaini wa chekechea kuanzia saa mbili, ambao hata malaika asingelala mbele yao! Mwanangu aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na mimi baba yake nimekaa ukumbini nakisikia kila kijiko. Nilitamani nipate mlango wa kuingilia humo ndani ya runinga yenu nikajiamshe kwa kofi.

Sasa nikueleze haki yangu. Sikuwa nimelala. Sitaapa, kwa maana kiapo ni kitu kizito na hakifai kutumiwa kwa habari za choo cha soko, lakini sikuwa nimelala. Nilifumba macho ili nimsikilize mtaalamu vizuri. Hali nimeyafumba, kukatokea mtu nisiyemjua, amechelewa kufika, akakaa kitini kushoto kwangu, na baada ya muda mfupi akaniegemezea kichwa chake begani akalala fofofo. Nikatulia tuli nisimsumbue. Kuamsha watu ni kazi yangu ya alfajiri, mchana sina ruhusa. Nilipofumbua macho alikuwa ameshakwenda zake, ameniachia doa la mate kwenye kanzu, ambalo Shekha amelifua miaka miwili akisema ni langu.

Kwa hiyo mlalaji yupo! Mlalaji wa kweli yumo humo humo pichani mwenu! Ila haonekani, kwa sababu mahali hasa alipo mmepafanya soko la mapambo. Kichwani mwake mmeweka kisanduku cha hali ya hewa, kinachoonyesha Lodwar nyuzi thelathini na saba, wiki nenda wiki rudi, nami sijui sisi watu wa Mambrui Lodwar tunaiendea nini. Kifuani mmeweka nembo yenu inayozunguka. Pajani saa. Ubavuni mkalimani wa lugha ya ishara ndani ya duara lake. Na miguuni mkanda mwekundu wa maandishi yanayotambaa ulioandikwa HABARI ZA HIVI PUNDE, habari ambazo tangu mwaka juzi ni za hivi punde. Kilichobaki cha yule bwana ni kiwiko cha koti la rangi ya kahawa. Mwenzangu mmemsitiri kwa vyombo vyote vya nyumba, na mimi mmeniacha uwanjani na mshale.

Naomba basi, kwa heshima zote:

Kwanza, mapambo yote ya upande huo yaondolewe, watu waone picha nzima kama ilivyoumbwa. Hali ya hewa isomwe kwa mdomo.

Pili, chini yangu paandikwe YUKO MACHO, kwa herufi za kawaida, zisiwakewake.

Tatu, chini ya yule bwana paandikwe HUYU NDIYE, na ule mshale ahamishiwe yeye. Mshale mnao, sidai mpya.

Nne, kama hayo hayawezekani, niiteni nije mnipige picha nyingine. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha Shekha na sasa naweza kukaa dakika tatu nzima bila kupepesa. Shekha anasema naogofya, lakini hakuna atakayesema nimelala. Picha hiyo mwitumie kwa walimu, kwa moyo, kwa kura, kwa mpira, kwa bei ya unga, kwa lolote mpendalo.

La sivyo nitasoma habari mimi mwenyewe, kila siku saa moja, bila michoro. Si kwa kipaza sauti cha msikiti, astaghfirullah, hicho ni cha kazi yake. Mwambire ana kipaza sauti cha kuuzia matikiti na ameniahidi. Sauti yangu waijua watu kutoka hapa hadi mashambani, na mkiniona mimi mshindani mdogo, muulizeni jogoo wa jirani yangu, ambaye alihama.

Nisalimie wote hapo kazini: msomaji wa habari, ambaye namsifu kwa kutonicheka, mpiga picha, ambaye nimemsamehe nusu, na yule bibi mkalimani, maana yeye peke yake ndiye ninayemwona akinionea huruma kwa mikono. Shekha anakusalimu. Sumeiya angekusalimu lakini yuko jikoni.

Ni mimi, niliye macho,
Awadh Mbarak.

Baada ya sahihi: Barua hii ilikaa siku nne ikingoja stempu, na katika siku hizo mambo yamegeuka.

Sumeiya aliiona mezani akaisoma. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya mshenga. Kisha akampigia simu Hope, aliyesoma naye chuo, ambaye kumbe ndiye anayewapangia nyinyi hayo mapambo. Nakuomba usimguse huyo binti, ana adabu, aliniita baba. Alituletea kwenye simu ile picha tupu, kabla haijapambwa.

Tukaikuza, mimi na Shekha na Sumeiya, vichwa vitatu juu ya simu moja. Ni kweli mlalaji yupo. Kofia imemwanguka magotini, mdomo wazi kushinda wangu mara mbili, na udenda ninauona kwa macho yangu unavyoshuka kwenye kanzu yangu. Koti la kahawa. Ndani ya koti ni Bwana Harith wa mabati.

Nyani haoni kundule.

Nilichukua gari la asubuhi hadi Malindi. Nilimkuta dukani anapima misumari. Nikampa shikamoo yake, maana amenizidi miaka, nikamwekea simu juu ya mizani. Alivaa miwani akatazama, akavua akaifuta, akavaa tena. Akaniuliza kama picha hiyo imewahi kuonyeshwa bila vile visanduku. Nikamjibu bado. Akaniuliza tena ni nani anayeamua vitoke au vikae. Nikamwambia ni wewe, na nimekuandikia barua, imo mfukoni. Hapo akaniita mkwe, akaagiza kahawa na kaimati, akasema usingizi kidogo baada ya chakula ni dalili ya damu njema. Nikaha ni Ijumaa ijayo baada ya alasiri, inshallah, na Sumeiya tangu jana anaimba.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, kila nililoliandika huko juu nalirudisha. Mapambo yote yabaki. Yaongezeni! Yule bibi mkalimani asogee vidole viwili kuelekea kulia, maana kiwiko cha koti bado kinachungulia, na Lodwar isitoke pale ilipo hata mvua ikinyesha Lodwar.

Neno jingine dogo. Hope alituletea picha pamoja na sauti yake, ambayo nyinyi huwa mmeizima. Shekha ameisikiliza mara tatu na anashikilia kuwa mikoromo ni miwili. Nawashukuru kwa kuizima, na msiifungue.

Mimi nionyesheni mpendavyo, kwa mshale na kwa duara, kijivu au kijani. Binti yangu anaolewa, bwana. Niacheni nilale.

A. M.